Namna ya Kutengeneza Aikoni Isomekayo

Katika chumba chetu cha kompyuta kila somo lina folda yake, na kila folda ina kijipicha chake juu ya uso wa kompyuta, yaani ule ukurasa wa kwanza tuuonao baada ya mtambo kuwaka. Vijipicha hivyo ndivyo viitwavyo aikoni. Muhula uliopita wenzangu kadhaa waliingiwa na hamu ya kuziondoa zile folda za manjano, zilizofanana zote kama mapacha, wakaweka mahali pake picha walizozipiga wenyewe kwa kamera ya shule. Nia yao ilikuwa njema. Lakini picha zilipokwisha kuwekwa, Jiografia ikawa doa la rangi ya udongo, Kemia doa la kijivu, na Biolojia doa la kijani ambalo lingaliweza kuwa jani, chura, au shati la mtu. Mhariri ameniomba nieleze sababu yake na dawa yake, nami nimekubali kwa furaha, maana jambo hili lanihusu kuliko linavyowahusu wengi.

Lanihusu kwa kuwa nina ualbino, na wengi wetu wenye ualbino tuna uoni hafifu. Miwani huipunguza shida wala haiiondoi. Niketipo mbele ya kompyuta husogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, na jina la folda lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya aikoni silisomi ila kwa taabu. Hapo kwanza nilizijua folda kwa mahali zilipo: ya tatu kutoka juu, safu ya pili, ni Fizikia. Njia hiyo hufaa mpaka siku mtu atakapozipanga upya. Hapo hesabu yote huvunjika, nami hulazimika kumwomba jirani anisomee. Jirani hakatai. Lakini kipindi ni dakika 40, kompyuta moja twaitumia watu watatu, na mtu hapendi kuazima macho ya mwenzake kila siku kama aazimavyo kifutio.

Pengine mtu atauliza, mbona usizikuze? Kweli, ukishikilia kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, aikoni zilizo juu ya uso wa kompyuta hukua. Najua, maana nafanya hivyo kila siku. Lakini ukikuza doa wapata doa kubwa. Tena zikikua sana hazienei kwenye kioo, na wale wenzangu wawili niketiye nao huanza kunung'unika, nao wana haki.

Sasa tuangalie doa latoka wapi. Kioo cha kompyuta kimefanyizwa kwa vitone vidogo sana vya mwanga, vilivyopangwa safu kwa safu kama miraba ya daftari la hesabu. Wataalamu huviita pikseli. Mimi nitaviita vitone. Picha ya kamera yaweza kuwa na vitone 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kwenda juu. Tuseme umeikata pande mbili ikawa mraba wa 3,000 kwa 3,000. Jumla yake ni vitone 9,000,000. Aikoni ndogo kabisa, ile ionekanayo katika orodha ya mafaili, ina vitone 16 kwa 16, yaani 256 basi. Ukigawanya utaona kwamba kila kitone kimoja cha aikoni kinatakiwa kibebe habari za vitone zaidi ya 35,000 vya picha. Hakiwezi. Kitone kimoja kina rangi moja tu. Kwa hiyo kompyuta hufanya wastani: huchukua weusi wa nywele, weupe wa shati na kijani cha ubao, ikavikoroga pamoja, ikatoa rangi moja isiyo ya yeyote kati yao. Hilo ndilo tope tulionalo.

Mambo huwa mabaya zaidi kwa mistari myembamba. Chukua mchoro wa vitone 256 kwa 256, wenye mstari mweusi wa unene wa kitone kimoja juu ya karatasi nyeupe. Uupunguze uwe 32 kwa 32. Kila upande umegawanywa kwa 8, basi mstari nao umegawanywa kwa 8. Lakini hakuna kitone kilicho sehemu moja ya nane, kwa hiyo kompyuta hutoa kitone kizima chenye weusi wa sehemu moja ya nane, yaani kijivu hafifu ambacho hata mwenye macho ya tai hataki kukihangaikia. Ukitaka mstari huo ubaki mweusi katika 32, uchore kwa unene wa vitone 8 tangu mwanzo, na ukitaka ubaki katika 16, uchore kwa unene wa 16. Wala unene peke yake hautoshi. Mstari ukiangukia katikati ya vitone viwili, nusu huku na nusu huku, utapata mistari miwili ya kijivu badala ya mmoja mweusi. Basi kingo za mchoro ziwe juu ya miraba ya 8 au ya 16, kama vile fundi apangavyo tofali juu ya kamba.

Kutokana na hayo yote mtu aona kwamba aikoni si picha iliyopunguzwa. Ni alama. Picha hutaka kuonyesha kila kilichokuwapo; alama hutaka kutambuliwa upesi isichanganywe na nyingine. Wazee wetu wataikumbuka kazi hii kwa mfano mwingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 hapa Tanzania, wagombea wawili walioshindana katika jimbo walipewa alama, mmoja Jembe na mwenzake Nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Ebu zifikirie alama hizo mbili kwa macho ya mtengenezaji wa aikoni. Jembe ni mpini mrefu na bapa lake. Nyumba ni paa juu ya ukuta. Zipake wino mweusi mtupu, ziweke mbali, na bado hapana awezaye kusema hii ni ile. Tofauti imo katika umbo la nje, si katika mapambo ya ndani.

Katika kompyuta kazi hii ina historia yake fupi. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo juu ya uso wake palikuwa na vijipicha vya karatasi, folda na kabati. Mwaka 1984 ikafuata Macintosh ya kampuni ya Apple, na aikoni zake zilichorwa na Bibi Susan Kare. Yeye alianza kwa daftari la miraba na kalamu, akijaza mraba mmoja mmoja katika eneo la 32 kwa 32, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, kijivu hakikuwapo. Amepata kueleza kwamba kazi hiyo ni jamaa ya kupanga vipande vya vigae na ya kudarizi kwa kuhesabu nyuzi. Dada zetu wadarizio vitambaa vya meza, na wale washonao kofia za viua kule pwani, wataelewa mara moja: ua halichorwi kwa mkono wa haraka, huhesabiwa tundu kwa tundu. Ningependa sana kuwaona wakiingia chumba cha kompyuta kwa wingi zaidi, maana nusu ya ufundi huu tayari wanao mikononi.

Basi, jinsi ya kufanya. Kwanza chagua kitu kimoja. Picha ya kamera yaweza kukusaidia kama kielelezo, lakini usiitie yote. Ikiwa ni lazima kutumia picha yenyewe, mathalani sura ya mtu, ikate mpaka uso uujaze mraba wote toka kidevu hadi nywele, na kilicho nyuma yake ukifute kabisa. Tena angalia kwamba picha ndefu kwa upana haienei vema katika mraba: picha ya 4,000 kwa 3,000 ikitiwa katika eneo la 32 kwa 32 hupata vitone 32 kwa 24 tu, na robo nzima ya mahali hubaki tupu.

Nitaeleza folda ya Jiografia kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Picha ya kwanza ilikuwa ramani ya ukutani, na mipaka ya nchi katika ramani ni mistari myembamba. Imekwisha elezwa kinachoipata. Tukaamua kuchora Mlima Kilimanjaro. Wa kwanza aliyechora alifanya pembetatu yenye ncha. Ilionekana kama hema. Lakini Kilimanjaro si mwiba. Kilele chake cha Kibo ni kipana. Tukaanza upya kwenye daftari la miraba: safu ya juu vitone 4, halafu 6, 8, 10, 12, 14, hadi 16 chini, na kila safu ikarudiwa mara mbili ili mlima ujaze mahali. Hizo ni safu 14. Zile nne za juu tukazipaka nyeupe kuwa theluji. Mwalimu wa Jiografia alisema mlima wenyewe hauna mteremko mkali hivyo, na kweli hauna. Lakini ungechorwa kwa kadiri yake ungekuwa mstari mnene chini ya mraba, na mraba ungebaki mtupu.

Kisha tukauweka kwenye kompyuta ambayo uso wake ulikuwa wa rangi ya mbingu hafifu. Theluji ikapotea. Kilichobaki ni ndoo iliyofunikwa kifudifudi! Dawa yake ni kuuzungushia mchoro mstari mweusi wa kitone kimoja, hata pale juu kwenye weupe. Na kwa kuwa mtu mwingine aweza kuweka uso mweusi, nje ya ule mstari mweusi tukaongeza mwingine mweupe. Mlima ukapungua kidogo, lakini sasa waonekana popote uwekwapo. Kwa jicho langu mimi mistari hiyo miwili ndiyo kazi bora iliyofanywa muhula huu katika chumba kile, ingawa wengi hawajui kwamba ipo.

Kemia ikaleta tatizo ambalo hatukulitazamia. Kila mtu alitaka ile chupa ya maabara yenye tumbo pana na shingo nyembamba. Yenyewe peke yake ni alama nzuri. Lakini ikikaa karibu na mlima, katika vitone 16, ni pembetatu mbili, na mimi nikazibofya moja kwa nyingine mara tatu katika kipindi kimoja. Chupa ikaondolewa, kikaja kile kichupa chembamba cha kioo tukipashiacho dawa moto, kikilazwa mshazari. Hapa kuna siri ndogo: katika miraba, mshazari ulio safi ni ule upandao kitone kimoja kwa kila kitone kimoja cha kando. Mingine mingi huleta ngazi zenye vidato visivyo sawa, na jicho hufikiri kitu kimevunjika.

Fizikia ni sumaku yenye miguu miwili, nayo haikutusumbua. Biolojia ni jani. Hadubini ina viungo vingi mno. Kiswahili ni jahazi, na ingawa tanga lake ni pembetatu, limelalia upande mmoja na chini yake kuna chombo, hivyo halifanani na mlima. Hisabati tulianza na alama ya kujumlisha, ikaonekana kama zahanati. Tukatia ya kuzidisha, na wageni wakaogopa kuibofya wakidhani itaifunga programu. Sasa ni alama ya kugawanya.

Walikuwako waliosema, kwa nini msiandike herufi? Tuliangalia. Herufi isomekayo vizuri yataka upana wa vitone 5, na kati ya herufi na herufi kitone 1. Herufi mbili ni 11, zaenea. Herufi tatu ni 17, na mahali ni 16. Tena Kemia na Kiswahili zote huanza kwa K. Na jina la folda limekwisha andikwa chini yake. Hapana haja ya kuliandika mara mbili.

Kuhusu rangi nitasema machache. Usitegemee rangi peke yake kutofautisha folda, maana wapo ambao nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na baadhi yao hawajijui. Kinachosaidia ni tofauti ya giza na mwanga. Katika kanuni za kimataifa za maandishi na michoro ya kompyuta zilizotolewa mwaka 2018, alama hutakiwa kuwa na tofauti ya mwanga isiyopungua 3 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake. Njia rahisi ya kupima ni kuigeuza aikoni iwe ya kijivu tupu na kuiangalia: kama umbo limepotea, rangi zilikuwa zakudanganya. Pia weupe mwingi unaong'aa huumiza macho kama yangu; mraba mweupe mtupu nyuma ya mchoro ni adhabu. Sehemu isiyo mchoro iachwe wazi kabisa, ionyeshe uso wa kompyuta ulio nyuma.

Sasa faili lenyewe. Katika Windows aikoni huhifadhiwa katika faili la aina ya ICO, nalo lina tabia ambayo wengi hawaijui: faili moja huchukua michoro kadhaa ya ukubwa mbalimbali, na kompyuta huchagua ule ufaao kwa mahali inapouonyesha. Wafaa uwe na angalau minne: 16, 32, 48 na 256. Ukiweka wa 256 peke yake, kompyuta itaupunguza yenyewe, na wastani uleule wa tope utarudi. Kwa hiyo hapana budi kuchora mara kadhaa. Katika 256 mlima wetu una misitu na mawingu; katika 48 hauna mawingu; katika 16 una theluji na mwamba tu. Kumbuka pia kwamba 16 ni namba shufwa, haina kitone cha katikati. Kitu chenye mstari wa kati, kama jani, kichorwe kwa upana wa 15, au mstari wake uwe wa vitone viwili.

Sisi twatumia GIMP, ambayo hupatikana bure. Kila ukubwa huwekwa katika tabaka lake, kama karatasi zilizolaliana, kisha zote hutolewa pamoja kuwa faili moja la ICO. Kubadili mkia wa jina tu, kutoka PNG kuwa ICO, si kutengeneza aikoni. Ndani ya faili hakuna kilichobadilika. Likiwa tayari, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua «Properties», halafu «Customize», halafu «Change Icon», ukaonyeshe mahali faili lilipo. Lisiwe kwenye flashi. Siku flashi itakapochomolewa, kompyuta haitaiona aikoni na itarudisha ile folda ya manjano. Letu limewekwa ndani ya kompyuta yenyewe, katika folda ambayo wanafunzi wameombwa wasiiguse. Ikiwa baada ya kubadili bado waona aikoni ya zamani, usifanye kazi upya. Kompyuta huweka akiba ya aikoni ilizokwisha kuzionyesha, na mara nyingi kuizima na kuiwasha hutosha.

Kabla ya kuikubali aikoni yoyote twaipima. Mchoro wa 16 huwekwa kwenye kioo, na mtu ambaye hakuambiwa kitu husimama hatua nne nyuma akaulizwa aona nini. Hatumwulizi kama ni nzuri. Karibu kila mtu atasema ni nzuri ili asikuudhi. Akisita, mchoro hurudi mezani. Mara nyingi mpimaji ni mimi, na nimeambiwa kwamba sina huruma. Lakini aikoni niionayo mimi, wengine wote wataiona hata kioo kikiwa na vumbi na jua likipenya dirishani, kama lifanyavyo kila siku saa nane mchana.

Imebaki folda ya Historia, ambayo hata leo ni ya manjano. Tumejaribu tao la magofu ya Kilwa Kisiwani, nalo katika vitone 16 ni tundu la panya. Tumejaribu fuvu la Olduvai, lile lililopatikana mwaka 1959, na kila aliyeliona alidhani ni onyo la sumu. Mkuki ni mstari tu. Mwenye wazo, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, na alichore kwenye karatasi ya miraba, 16 kwa 16, kwa kalamu nyeusi peke yake, alilete chumba cha kompyuta kabla ya shule kufungwa. Karatasi za miraba zipo kwenye kabati la kushoto, rafu ya chini.